Yah: Kuhamishwa kwa Padri Hennen Kabla ya Mechi ya Marudiano

Parokia ya Mtakatifu Kasimiri,
Plum Hollow, Wisconsin.
Jumatatu, tarehe 3 Novemba.

Mhashamu Baba Askofu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa unyenyekevu, nikitumaini kwamba u mzima wa afya na kwamba jana hukuiona ile mechi, au kama uliiona, umeshaanza kula tena. Mimi bado. Tangu jana jioni nimekula kipande kimoja cha mkate na jibini, na hata hiyo jibini niliila kwa hasira.

Jina langu ni Norbert Zielinski. Nimebatizwa katika parokia hii, hupitisha kikapu cha sadaka upande wa kushoto, ni mstaafu wa kiwanda cha karatasi, na tangu Mei mwaka huu ni mgane. Katika mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kukimbia nao mikononi, nina ujuzi wa kutosha. Nilikuwa kwenye timu ya shule ya sekondari msimu mzima, ingawa kocha aliona nafaa zaidi kukaa benchi, na ninajivunia kusema kwamba pale benchi hakuna aliyewahi kunipita. Kila wiki ya msimu humwandikia kocha wa Kijani, timu yetu ya hapa Wisconsin, barua ya ushauri. Hajanijibu. Mara moja tu ofisi yao ilinitumia stika ya kubandika kwenye gari, nami niliichukua kama dalili kwamba mawazo yangu yanafanyiwa kazi.

Naandika kwa heshima zote kukuomba umhamishe paroko wetu, Padri Dale Hennen, kabla ya wiki ya kwanza ya Januari, ambapo Kijani wetu watarudiana na Zambarau wa Minnesota. Si mtu mbaya. Hanywi kupita kiasi, wagonjwa anawatembelea, paa la kanisa amelitengeneza. Ila alizaliwa ng'ambo ya mto, huko Minnesota, na ni shabiki wa Zambarau wa kufa na kuzikwa. Ofisi yako ilipomleta kwetu mwaka jana ilitutajia shahada zake, lugha anazozijua na moyo wake kwa vijana. Kuhusu rangi yake ilikaa kimya. Sisemi mlitutendea hila. Nasema tungepewa nafasi ya kuuliza.

Niruhusu kwanza nieleze hali ya msimu, maana tumefika katikati na ni wakati wa mtu mzima kusema ukweli.

Jumamosi tuna Wekundu wa chuo kikuu. Jamani! Zamani Wekundu walikuwa vijana wa mashamba ya ng'ombe, shingo hazionekani, wanakukanyaga yadi tatu, wanakukanyaga yadi tatu nyingine, mpaka unaomba msamaha. Siku hizi wana kocha aliyetoka kwenye majimbo ya joto, naye anapenda mpira wa kurusharusha. Unarusha nini mwezi wa Novemba, upepo unatoka ziwani? Mrusha mpira wao mwaka juzi alikuwa chuo cha Oregon, mwaka jana Texas, mwaka huu yuko kwetu, na mwakani nadhani hata mama yake itabidi aulizie gazetini. Wameshapoteza mechi nne mfululizo. Jumamosi iliyopita nilizima televisheni wakati wa mapumziko nikatoka kukusanya majani uani. Baadaye kidogo nikaiwasha tena kuona kama wameingiwa na aibu. Hawakuwa nayo.

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Kijani wameshinda mechi nyingi kuliko walizopoteza, na ukiwasikiliza watu wa televisheni utadhani mambo ni shwari. Si shwari hata kidogo. Ulinzi wetu ni imara mpaka dakika mbili za mwisho, ndipo wanapokumbuka kwamba wameacha jiko linawaka nyumbani. Ukuta wa mbele, yale majitu matano yanayotakiwa kumkinga mrusha mpira, wanawafungulia njia maadui kama mabawabu wa hoteli. Na mpiga teke wetu, Mhashamu. Mpiga teke wetu ndiye kiini cha barua hii.

Hapa lazima nimtaje marehemu mke wangu, Lorraine, maana bila yeye hutaielewa kesi. Lorraine aliujua mpira kuliko mimi, ila alikuwa na mkosi mmoja: teke lolote la pointi tatu, la kupitisha mpira kati ya milingoti miwili, alilolitazama kwa macho yake lilikwenda pembeni. Aligundua mwenyewe tukiwa wachumba. Kwa hiyo kila mpiga teke alipojipanga, Lorraine aliweka sahani yake chini, akafungua mlango wa ngazi ya kushukia ghala la chini ya nyumba, akakaa gizani kwenye daraja la tatu na kuufunga mlango. Mimi nilibaki sebuleni kuangalia kwa niaba ya wote wawili. Mpira ukishapigwa, alipaza sauti kutoka kule chini: "Vipi, Norb?" Nami nikamjibu, "Imeingia, mama, panda!" Ndivyo tulivyoishi. Wageni waliona ni uchizi, lakini baada ya msimu mmoja na wao wakawa wanamwambia, "Lorraine, hebu teremka, usituharibie."

Mwaka huu mpiga teke ni yule yule, mguu ni ule ule, na anakosa mateke ambayo hata mimi ningepata nikiwa nimevaa ndara. Wataalamu wanasema ni kifundo cha mguu. Mimi najua ni ngazi. Mwezi wa Septemba nilijaribu mwenyewe: nilikaa kwenye daraja lake, nikafunga mlango, nikangoja. Ndipo nilipogundua kasoro ya mpango wangu, kwamba kule juu hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Nilikaa gizani nikisikiliza tangazo la magari, kisha tangazo la dawa ya viungo, kisha nikapanda. Sijarudia tena.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mahubiri. Paroko wetu wa zamani, Padri Wenzel, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa imani ya haraka. Misa ya saa nne na nusu aliianza na kuimaliza injini za magari zikiwa bado na joto, na sote tulikuwa tumeegesha pua za magari zikitazama barabara. Padri Hennen anahubiri. Anahubiri kweli kweli, mpaka mtu unajikuta unasikiliza. Mwezi uliopita alihubiri juu ya uvumilivu, akasema, "Ndugu zangu, msinisimulie Waisraeli na jangwa lao. Mimi ni mtu wa Zambarau. Nilitolewa machozi kwenye fainali kabla sijajua kufunga kamba za viatu." Watu wakaangua kicheko. Kanisani, Mhashamu! Mimi pia nilicheka, lakini nilijificha uso kwa kikapu cha sadaka.

Matokeo yake ni kwamba jirani yangu Harlan Tesch, ambaye ni Mlutheri, ananingoja kila Jumapili kwenye uzio na kikombe mkononi. "Norbert! Bado mlikuwa mnapiga magoti tu? Wenzako tumeshakunywa kahawa, tumeshaona robo nzima. Hamia kwetu, bwana, kuna na keki." Nimemstahimili tangu mwaka jana, lakini mwaka huu keki imeanza kunijia akilini wakati wa kipaimara cha watoto wa watu. Je, ofisi yako iko tayari kuipoteza roho yangu kwa ajili ya keki?

2. Rangi. Kanisa kwa hekima yake limepanga kwamba katika kipindi cha kawaida cha mwaka padri avae kijani. Sikupanga mimi. Kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Novemba, altare yetu na timu yetu ni kitu kimoja, na nimekuwa nikiichukulia hali hiyo kama uthibitisho wa mambo mengi. Sasa jana, tarehe mbili Novemba, Kumbukumbu ya Marehemu Wote ikaangukia Jumapili. Jumapili ya mechi na Zambarau. Padri Hennen akatoka sakristia amevaa kasula ya zambarau, mpya, imepigwa pasi, anatabasamu kidogo. Benchi zima la nyuma tukashika vichwa.

Nimefanya utafiti. Kwa siku hiyo nyeupe inaruhusiwa, na nyeusi pia. Nyeusi ingetufaa zaidi, ukizingatia ukuta wetu wa mbele. Nilipomkabili baada ya Misa akasema, "Norbert, hii ni rangi ya toba." Nikamwambia, "Padri, atakayetubu leo ni nani, sisi au ninyi?"

Na hapo bado. Mwisho wa mwezi huu Majilio yanaanza, yaani karibu Desemba nzima ni zambarau, wakati ambapo sisi tunatafuta nafasi ya kuingia hatua ya mtoano. Sijui Mtakatifu aliyeweka utaratibu huo alikuwa anaishi upande gani wa mto.

3. Alfabeti. Siku hiyo hiyo yalisomwa majina ya marehemu wa mwaka mzima, na ndugu wa kila mmoja akaitwa mbele kuwasha mshumaa. Mhashamu, mimi ni Zielinski. Maisha yangu yote nimekuwa wa mwisho: chanjo shuleni, buti jeshini, hata soseji kwenye sherehe za kiwanda nilipewa zile zilizopasuka. Nikalijua hilo mapema, nikamfuata Padri sakristia nikamwomba kwa adabu kwamba mwaka huu aanzie mwisho wa alfabeti, kwa ajili ya haki na kwa ajili ya saa sita kamili, ambayo ndiyo saa mechi inaanza. Aliniangalia sana. Akasema, "Norbert, Lorraine amekungoja gizani kwenye ngazi maisha yake yote. Mngoje na wewe leo." Nikarudi kukaa. Nilikuwa nimeshavaa koti.

Wakasomwa wote, na mwaka huu tumekufa wengi. Kisha akasoma, taratibu, "Lorraine Agnes Zielinski," nami nikabaki nimekaa. Sikuweza kwenda mbele. Nilimwona Padri anateremka kutoka altareni na mshumaa wa Lorraine mkononi, na ile kasula yake, akaja mpaka kwenye benchi langu, na kengele ya marehemu ikapigwa. Nililia kanisa zima likiniona, uso wangu umezama ndani ya zambarau. Nasikia shemeji yangu Bernadine, wa kwaya, anawaambia watu kwamba nilimlilia dada yake. Sijamkosoa. Lakini ukweli ni kwamba saa sita ilikuwa imeshapita, na kumbe tulikuwa tumeshafungwa pointi saba.

4. Kuingilia makazi. Tangu Septemba, kila Jumapili baada ya Misa, Padri Hennen huja nyumbani kwangu bila mwaliko, ameshika sufuria ya mchuzi wa kuku. Anauita uchungaji. Mimi nauita upelelezi. Anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kochi (kiti cha Lorraine hakikalii, hilo nampa), na anatoa maoni. "Norbert, huu ni ukuta wenu wa mbele au pazia la bafu?" Namwambia, "Padri, ninyi kwenye kabati la makombe mnahifadhi nini, soksi?" Ananijibu, "Tunahifadhi unyenyekevu, mwanangu. Ninyi hamjawahi hata kuuonja." Lugha gani hiyo kwa mfiwa?

Siku moja nilimzuia mlangoni. Nikamwambia, "Padri, leo sitaki mgeni, nataka kuhuzunika." Akasema, "Vizuri, wewe huzunika, mimi naangalia mpira." Akapita. Kufika robo ya tatu nilikuwa nimesimama juu ya zulia namtukana refa, na Padri ananishikia bakuli. Mtu atahuzunika vipi katika mazingira hayo? Nimejaribu Jumatatu, lakini Jumatatu nina barua ya kocha.

5. Ngazi. Hili ndilo kubwa, na naomba ukae chini ulisome.

Jana alifika baada ya Misa na sufuria yake, na mshumaa wa Lorraine ambao nilikuwa nimeusahau kanisani. Akauweka juu ya televisheni bila kuomba ruhusa. Tuliangalia mechi mpaka mwisho. Tukafika sekunde za mwisho, Zambarau wanaongoza kwa pointi mbili, mpira ni wetu, umbali ni yadi arobaini na saba, na kocha anamtuma mpiga teke. Nilikuwa wima, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika meza. Kijana anapima hatua zake nyuma. Nikasema, wala sikumwambia mtu, nilisema tu, "Ngazi haina mtu."

Padri Hennen, mwana wa Minnesota, akaweka bakuli chini. Akafungua ule mlango, akateremka na magoti yake yale mabovu, akakaa kwenye daraja la tatu gizani na kuufunga.

Mpira ukapigwa. Ukaenda vizuri, Mhashamu, ukaenda vizuri mpaka nikaanza kuinua mikono. Kisha ukagonga mlingoti wa kulia, ko! ukarudi uwanjani. Tumepoteza. Mtu wa Zambarau amekaa kwenye ngazi ya mke wangu na teke limekosa. Sijui mahakama gani duniani ingehitaji ushahidi zaidi ya huo.

6. Uaminifu. Usiku nimelitafakari jambo hili nikagundua ni zito kuliko mpira. Kule chini Padri aliomba nini? Kama aliomba teke letu likose, basi nimekuwa nikimlisha adui ndani ya nyumba yangu, ingawa mchuzi ni wake. Na kama aliomba teke letu liingie, ni vibaya zaidi, maana ameisaliti timu aliyozaliwa nayo, na padri anayeweza kuisaliti timu yake, kesho atashindwa nini kumsaliti Baba Mtakatifu? Njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Lazima aondoke.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki nilimwuliza ana kwa ana. Akasema kwamba alipokaa pale aligusa kitu pembeni, akapapasa, akakuta ni rozari ya Lorraine, imetundikwa kwenye msumari. Basi akamwombea Lorraine Salamu Maria tatu, na mpira akausahau. Akausahau! Zimebaki sekunde, yadi arobaini na saba, halafu mtu anausahau mpira! Jibu gani hilo?

Kwa sababu zote hizo, naomba ofisi yako itende kama ifuatavyo.

Ifungue dirisha dogo la usajili. Ikiwa kijana wa chuo anaweza kutoka Oregon kwenda Texas na kuja kwetu kwa kutia saini karatasi moja, sioni ugumu wa kumpeleka padri mmoja parokia ya jirani. Sisi hatuchagui. Tutampokea mzee, tutampokea kiziwi, tutampokea hata mtu wa Chicago, kwa mahasimu wetu wa jadi, na unajua siandiki hilo kwa wepesi. Ikibidi kubadilishana, tuko tayari kumtoa Padri Hennen pamoja na shemasi wetu na mpiga kinanda, huyu wa mwisho kwa mkopo.

Ikishindikana kumhamisha, basi itoe kibali Majilio ya mwaka huu yaadhimishwe kwa kijani, au angalau kwa ile rangi ya waridi ya Jumapili ya tatu, ambayo hakuna timu inayoitumia.

Na yakishindikana yote mawili, naomba jibu la maandishi. Stika nitaipokea.

Nisalimie mapadri wote wa nyumba yako, masista wa jikoni, na yule mlinzi mwenye kofia ya Kijani aliyenifungulia geti siku ya mazishi na kuniambia, "Pole mzee, mwaka huu tutafika mbali." Mwambie namkumbuka, na kwamba hatufiki. Wa huku wote wanakusalimu: Bernadine, wanakwaya, benchi zima la nyuma, na hata Harlan Tesch, ambaye nimemsomea barua hii juu ya uzio naye akasema kwamba kama kwenu mnamkataa Padri, wao wana nafasi.

Ni mimi mwanao katika Kristo na katika mateso ya kila Jumapili,

Norbert Zielinski

Nakala: Kocha wa Kijani (kwa utekelezaji), Kocha wa Wekundu (kwa taarifa tu, maana najua hatafanya kitu).

N.B. Barua hii itakufikia kwa mkono wa Padri Hennen mwenyewe. Alhamisi ana mkutano huko kwako na sikuona sababu ya kuisumbua posta. Nimemsomea yote. Kwenye namba mbili alicheka mpaka akafuta miwani, baada ya namba sita akasema, "Ipeleke, Norbert, ni haki yako," na kuomba nirekebishe kwamba magoti yake si mabovu, ni moja tu. Narekebisha: ni goti moja.

Sasa kwa kuwa nimeshafunga hoja, kuna mambo mawili ambayo sikuona yanahusika nilipokuwa naandika. La kwanza, enzi za Lorraine teke lilikuwa linakosa pia. Lilikuwa linakosa sana tu. Kuna mwaka yeye alikaa kwenye ile ngazi mpaka nikampelekea blanketi, na bado tulitolewa.

La pili ni la jana. Mpira ulipogonga mlingoti nilikaa kitini, nikashika tama. Halafu kutoka kule chini, nyuma ya mlango, sauti ikauliza, "Vipi, Norb?" Hajawahi kuniita hivyo. Tangu Mei hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo kutoka upande ule. Mdomo wangu ukajibu kabla sijaushika: "Haikuingia, mama. Panda tu." Nilimwita mama, Mhashamu, padri mzima. Akapanda polepole kwa lile goti lake. Timu yake imeshinda, na hakutabasamu. Alikwenda jikoni akapasha mchuzi moto.

Kwa hiyo nakuomba, ukishaisoma barua hii, uiweke mahali pazuri na usiifanyie kazi. Ikiwa tayari kuna mtu huko anafikiria kumhamisha kwa sababu zenu wenyewe, mwambie Norbert Zielinski wa Plum Hollow anapinga. Januari tunarudiana nao, na mpiga teke wetu ni yule yule, na mimi siwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Leo asubuhi nimeweka mto kwenye daraja la tatu, maana kule kuna baridi. Ni wa kijani, lakini kule ni giza, hatauona.